Namna ya Kuoza Mtoto Bila Kuuza Kiwanja

Ukitaka kuoza mtoto, anza na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Isome kabla hujaita kikao cha kwanza, maana baada ya hapo hakuna atakayekusikiliza. Sheria inataka wawili hao waridhiane kwa hiari yao, notisi itolewe siku 21 kabla, mashahidi wasipungue 2, na ndoa isajiliwe. Ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama mila za mahari na zawadi hazikufuatwa. Keki haimo. Ukumbi haumo. Kwa Waislamu nako hakuna mlolongo: walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli, kisha walima, karamu ambayo Mtume alimwelekeza Abdurrahman bin Auf aifanye walau kwa mbuzi mmoja. Mmoja, tena wa kuliwa, si ndafu wanne waliosimamishwa mezani wapigwe picha.

Hiyo ndiyo ndoa. Yote yanayobaki ni sherehe, na sherehe ndiyo inayohitaji mwongozo.

Nimeshika daftari la mweka hazina katika kamati saba za harusi hapa Dar es Salaam, tangu enzi za kadi za mchango zilizopelekwa nyumba kwa nyumba hadi leo ambapo jina lako linawekewa tiki kwenye kundi la WhatsApp, ndugu na mashemeji wakitazama. Nilichojifunza ni kimoja: fedha ya harusi haipotelei kwenye sufuria.

Basi mwenyekiti asiwe yule mwenye uwezo kuliko wote. Mwenye uwezo hupendekeza ukumbi aliouzoea yeye, na hakuna atakayethubutu kumpinga kwa sababu ndiye anayetarajiwa kutoa nyingi. Mchague mama aliyewahi kupikia watu mia tatu kwenye masufuria ya kuazima. Huyo anajua mchele unapandaje bei, na anajua nani huja kikaoni kwa ajili ya soda.

Pili, ahadi si fedha. Mjomba atasimama, atakohoa, ataahidi laki tano, atapigiwa makofi. Mwandike, mshukuru, kisha panga bajeti kwa nusu ya ahadi zote. Kamati nyingi hufanya kinyume: bajeti kwanza, fedha baadaye, na wiki mbili kabla ya siku yenyewe pengo linamwangukia bwana harusi. Mdogo wangu aliliziba pengo la namna hiyo kwa mkopo wa kukatwa kwenye mshahara. Alipomaliza kulipa, binti yake alikuwa chekechea. Nililitazama daftari lile tena juzi. Chakula kilikuwa kimeshalipwa na michango, chote. Mkopo ulinunua droni, gari refu la kukodi na vitambaa vya darini.

Vitambaa hivyo nataka uvione kwa macho yako. Sherehe ikiisha usiondoke. Kaa ukumbini hadi saa saba usiku. Utawaona vijana wa mpambaji wakiingia na ngazi yao, wakishusha, wakikunja, wakipakia kwenye kirikuu kwenda harusi ya kesho. Maua uliyoyalipia kwa mamilioni yanaondoka yakiwa mazima kabisa. Hayakuwa yako. Uliyakodi kwa saa sita, na kati ya hizo, saa mbili watu walikuwa bado njiani kwenye foleni.

Huo ndio ubadhirifu, na ninausema waziwazi. Lakini wale wanaotaka harusi zifutwe, maharusi wasajili ndoa asubuhi na mchana wakale chipsi wawili tu, nao siwaungi mkono.

Mtaani kwetu yuko mama muuza vitumbua. Tangu nianze kushika daftari jina lake halijawahi kukosekana: 10,000 hapa, 20,000 pale, mwaka mwingine kilo tano za mchele na siku mbili za kukaa jikoni. Mwanawe alipooa, mtaa mzima uliingia kwake, na alichokitoa kidogo kidogo kwa miaka kikarudi ndani ya miezi miwili. Ile ilikuwa akiba, imewekwa mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kuichota kwa haraka za mwezi. Mwaka uliofuata akafiwa na mumewe. Hatukuanza kutafutana kwa namba. Kundi la harusi lilibadilishwa jina usiku ule ule, na alfajiri turubai lilikuwa limeshafungwa.

Ndiyo maana ninapandisha sauti vikaoni kwa jambo hili moja: aliyechanga ale. Ukiweka kadi ya mtu mmoja iwe 50,000, usimfungie mlango aliyeleta 20,000 yake ya jasho, huku viti vya mbele vikiwangoja wakubwa ambao hawakutoa hata senti. Watu 200 wakitoa wastani wa 50,000, unazo milioni 10. Pika kwa milioni 6, sawa na 30,000 kwa kila mtu, washibe na wafungashe. Ukumbi na viti milioni 2. MC, muziki, keki na picha vigawane milioni 1, tena wavumilie. Milioni ya mwisho ifungie. Ni kodi ya nyumba ya maharusi.

Na kama hakuna cha kuchanga, oeni tu. Januari 2017 huko Nairobi wawili walifunga ndoa kanisani kwa pete zilizogharimu shilingi 100 za Kenya zote mbili. Walikuwa wameahirisha harusi yao kwa kukosa fedha. Picha zilipoenea, watu wasiowajua wakawafanyia sherehe kubwa tarehe 14 Februari mwaka ule ule. Usiitegemee hiyo ya pili. Ya kwanza ilikuwa imetosha.

Imebaki kuvunja kamati, kikao ambacho watu hukumbuka supu na bia na kusahau hesabu. Mweka hazina asimame asome kwa sauti: zimeingia kiasi gani, zimelipwa kwa nani, risiti iko wapi, nani bado anadaiwa ahadi. Kilichobaki wakabidhiwe maharusi hapo hapo, mbele ya wote. Katika kamati zangu saba nimekabidhi baki mara mbili tu, na mara zote mbili mwenyekiti alikuwa mpishi.

Kamati ya nane inakaa Jumapili hii. Mwenyekiti ni yule mama wa vitumbua. Njooni na fedha mkononi.