Majilio ya Wasioweza Kungoja

Kila mwaka, ifikapo mwisho wa Novemba, familia za Kikristo zenye nia njema hujipangia ratiba ambayo hata nyumba ya watawa ingeifikiria mara mbili. Kutakuwa na ibada kila jioni baada ya chakula, Biblia ikisomwa kwa zamu. Kutakuwa na shada la Majilio lenye mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili. Watoto, ambao shule zimefungwa na wako nyumbani kutwa, watatengeneza nyota za karatasi na hori la maganda makavu ya migomba. Jikoni zitaokwa biskuti, zifungiwe koponi hadi Krismasi. Kufikia Jumapili ya pili, msomaji wa zamu anasinzia, mshumaa wa tatu umekwisha nusu kwa sababu umeme ulikatika Jumanne, kuku amedonoa punje za mtama zilizokuwa macho ya kondoo wa Bethlehemu, na kopo la biskuti limebaki na makombo na ukimya wa watuhumiwa. Hapo wazazi huanza kulaumiana, kisha huwalaumu watoto, kisha simu, na mwisho hujilaumu wenyewe kwamba imani yao ni haba. Nadhani lawama zote hizo zimekosea mlango. Karibu kila kitu tunachokitumia nyumbani kuadhimisha Majilio kilibuniwa kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, alishindwa kungoja. Familia inayovuruga Majilio haijaiacha mila. Imeipokea nzima, pamoja na chanzo chake.

Tuanze na shada. Mwaka 1839, mjini Hamburg, mwanateolojia wa Kiprotestanti Johann Hinrich Wichern alikuwa akiongoza Rauhes Haus, makao ya kulea watoto maskini aliyoyaanzisha 1833. Inasimuliwa kwamba watoto wale walimuuliza kila siku kama Krismasi imefika. Yeyote aliyewahi kupanda basi na watoto kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi analijua swali hilo, maana huanza kuulizwa Kibaha. Wichern hakuwahubiria juu ya subira. Alitwaa gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa mikubwa myeupe kwa ajili ya Jumapili nne na midogo myekundu kwa siku za katikati, ukawa unawashwa mmoja kila siku. Shada ambalo leo tunaliheshimu kama alama ya utulivu lilianza kama jibu la mtu mzima aliyechoka kuulizwa. Kalenda ya Majilio nayo ina ukoo uleule. Gerhard Lang, aliyekuwa mchapishaji wa kalenda hizo mjini Munich mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa mtoto alitengenezewa na mama yake karatasi ngumu yenye vitamutamu 24, ale kimoja kwa siku. Mama yule hakutarajia mwanawe aache kutaka. Alitaka tu aache kutaka vyote kwa mpigo. Huku kwetu kalenda ya peremende ina mshiriki ambaye hakuwamo katika hesabu za Munich: sisimizi, asiyejua tarehe, na ambaye usiku wa tarehe 3 Desemba ameshafika Krismasi.

Isidhaniwe kwamba ni udhaifu wa watoto. Dresden ina mkate mtamu wa Krismasi uitwao Stollen, na historia yake ni ya watu wazima wenye vyeo. Zamani Majilio yalikuwa mfungo, na siagi ilikatazwa. Waokaji wa Saxony walibaki na unga, maji na mafuta ya mimea, wakatoa mkate ambao kuutafuna tu kulikuwa toba tosha. Watawala wao wakapeleka kilio Roma, na mwaka 1491 Papa Innocent VIII akatoa waraka unaojulikana hadi leo kama Barua ya Siagi: siagi ruksa, ila watu walipe fungu la toba. Watu wenye majeshi na mihuri walishindwa kuvumilia wiki chache bila siagi, halafu mtoto wa miaka sita aliyekutwa na biskuti shavuni anaitiwa kikao cha familia! Kanisa lenyewe halikuwa gumu kuliko waumini wake. Katika karne ya 6, mtaguso wa Mâcon, katika nchi iliyo Ufaransa ya leo, uliagiza mfungo wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba, hadi Krismasi. Baadaye liturujia ya Roma ikatulia kwenye Jumapili nne, huku Milan ikishikilia sita mpaka leo. Na hata katika hizo nne, ile ya tatu ikapewa rangi ya waridi badala ya zambarau, waumini wapumue kidogo katikati ya safari. Hiyo ndiyo Gaudete: kituo cha kuchimba dawa kilichobarikiwa.

Ukiishika historia hiyo, ajali za nyumbani zinabadilika sura. Keki ya jiko la mkaa, moto chini ya sufuria na moto juu ya mfuniko, inadai jambo moja tu: asitokee mtu wa kufunua achungulie. Kila anayepita hufunua, ndiyo maana hupanda kando ikazama katikati. Kalenda ya dukani nayo inaanza tarehe 1 Desemba na ina siku 24 daima, ilhali Majilio ya kanisani huanza Jumapili inayoangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo huwa na siku 22 hadi 28. Mtoto na padri wanaweza kutofautiana tangu siku ya kwanza, na wote wawili wakawa na ushahidi. Mwaka 2023 Jumapili ya nne iliangukia tarehe 24 yenyewe: asubuhi unawashwa mshumaa wa mwisho wa kungoja, jioni ni mkesha wa Krismasi, na mama wa nyumba anatakiwa awe katika toba na pilau kwa wakati mmoja. Ongeza joto la Dar es Salaam la Desemba, ambalo huuinamisha mshumaa mwembamba kabla haujawashwa. Ongeza shada lililotundikwa mlangoni katika mtaa ambako shada la majani mabichi lina maana moja tu. Majirani wanafika wamejifunga kanga kiunoni, sauti zimeshushwa, wakiuliza ni nani na mazishi ni lini. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalotokana na uhaba wa imani. Yanatokana na kuchungulia, joto, hesabu za kalenda na upendo wa majirani.

Wapo watakaosema tatizo ni geni tangu mwanzo: haya ni mambo ya Wazungu, tuwaachie. Mlutheri atanong'ona kwamba ni ya Wakatoliki, na Mkatoliki wa makamo atakumbuka kwamba utotoni mwake hakuliona shada kanisani. Mkatoliki ana hoja, kwa kuwa shada la Wichern Mprotestanti lilichukua muda mrefu kuvuka. Husemwa kwamba lilitundikwa katika kanisa Katoliki la Cologne mwaka 1925. Kuhusu ugeni, ni kweli Majilio yalikuja na wamisionari: Wamoravian walifika Rungwe 1891, watu wa Leipzig wakafika Kilimanjaro 1893. Lakini hata nyota maarufu ya Wamoravian ilitoka katika somo la jiometri la wanafunzi wa shule yao huko Niesky, Ujerumani, katika karne ya 19. Ikiwa hesabu za shuleni ziliweza kuwa ibada, sioni kwa nini mvinje wa pwani au maganda ya mgomba yasiweze. Uchagani liko jani la isale, ambalo mtu humpelekea aliyemkosea kuomba msamaha. Shada la masale mezani lingeeleza Majilio kuliko plastiki yoyote yenye theluji ya kunyunyizia, na hakuna jirani wa Marangu ambaye angeuliza mazishi ni lini. Na anayesema kwamba Biblia haitaji mishumaa minne, na aisome basi kwa yale inayoyataja. Musa alikawia mlimani, Waisraeli wakatengeneza ndama. Abrahamu na Sara waliahidiwa mtoto, wakatafuta njia ya mkato. Waliongoja vizuri hekaluni ni Simeoni na Ana, na Luka hasemi popote kwamba walikuwa na watoto wadogo nyumbani wakati wa likizo.

Pingamizi zito zaidi linatoka Ethiopia. Waorthodoksi wa kule hufunga zaidi ya siku arobaini kabla ya Krismasi yao ya Januari, bila nyama, maziwa wala mayai, na hawajaandika barua ya siagi kwa mtu yeyote. Kwa hiyo kungoja kunawezekana, na hoja yangu inaonekana kuwa kichaka cha wavivu. Nakubali kwamba kunawezekana. Ila tuangalie kunakowezekana. Kule anafunga jirani, anafunga shangazi, na mgahawa una chakula cha mfungo tayari. Mkristo wa Arusha au Nairobi anaombwa angoje peke yake, dukani kukipigwa nyimbo za Krismasi tangu Novemba, katikati ya harusi na sherehe za kipaimara. Mzigo unaobebwa kule na jamii nzima ya waumini tumemtwisha mama mmoja mwenye kiberiti. Funzo la Ethiopia, basi, si kwamba kila nyumba ijikaze zaidi, bali kwamba kungoja ni kazi ya wengi. Jumuiya ndogo ndogo tunazo tayari, zinazopokezana nyumba wiki kwa wiki. Shada moja linaloizunguka jumuiya lingefanya kazi ambayo mashada kumi na mawili ya upweke hayaiwezi, na mshumaa ukiinama ungeinama mbele ya watu wa kucheka pamoja.

Litabaki pingamizi la walezi: ukiwaambia watoto kwamba hata watawala walishindwa, umewapa kibali cha kuiba biskuti. Nadhani ni kinyume chake. Majilio ni kipindi cha toba, na toba inahitaji kosa. Sisi wakubwa huingia Desemba tukiwa na dhambi za jumla jumla, zisizo na tarehe wala mashahidi. Aliyemaliza biskuti ndiye peke yake ndani ya nyumba mwenye kosa linalothibitika, kwa hiyo ndiye aliyejiandaa kuliko wote. Tofauti iko katika kinachofuata. Nyumba inayosema basi tena, tumeshindwa, na kulisukuma shada juu ya kabati, hiyo imeacha. Nyumba inayookota kipande cha mshumaa Jumapili na kukiwasha tena imefanya yaleyale ambayo kipindi hiki kinadai. Kwa nini Jumapili ziko nne? Sina jibu la kitaalamu, lakini kwa mzazi nne ni idadi ya huruma: ukiharibu mbili, zimebaki mbili. Hata somo gumu linaokoleka kwa njia hii. Tarehe 17 Desemba Wakatoliki husoma ukoo wa Yesu kutoka Mathayo sura ya 1, na hakuna baba anayevuka Shealtieli, Zerubabeli na Abiudi bila kujikwaa. Watoto husikiliza jioni hiyo kuliko nyingine zote, japo wanasikiliza kama atajikwaa. Ni usikivu wa nia mbaya, lakini ni usikivu, na ukoo wenyewe umejaa watu waliojikwaa zaidi ya msomaji.

Kinachotakiwa, kwa hiyo, ni mpango uliotengenezwa kwa ajili ya watu wanaojulikana, ambao historia imeshatuonyesha ni watu gani. Chagueni jambo moja kati ya ibada, kazi za mikono na mapishi, mlifanye hilo. Januari ina ada za shule na haitauliza mliunda nyota ngapi. Ibada iwe fupi kuliko uvumilivu wa mdogo wenu kabisa. Nunueni mishumaa minne ya Jumapili, mmoja mweupe wa Krismasi, na wa sita uliotengwa rasmi kwa ajili ya umeme kukatika, uandikwe jina lake. Shada likae mezani. Biskuti ziokwe mara mbili, ya kwanza ya kuibwa na ya pili usiku wa tarehe 24, wezi wakiwa wamelala. Na kama ipo nyumba ambayo kopo lake lilifika tarehe 25 likiwa limejaa, na hakuna dirisha la kalenda lililofunguliwa kabla ya siku yake, naiheshimu kwa moyo wote. Ila ningependa kwanza kuzionja hizo biskuti.