Tumekwisha Kushukuru kwa Niaba Yake

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya watu wenye ulemavu,
Dodoma.

Nakuandikia kutoka Bukundi, wilayani Meatu, Simiyu.

Kwanza hongera kwa wataalamu wenu wanaoweza kumsoma mtu moyoni. Mwenye mtindio wa ubongo, asiyeshika kalamu wala kutamka neno, akikabidhiwa kiti mwendo, jioni taarifa inasema "ametoa shukrani za dhati". Sisi tunaolala naye nyumba moja bado hatujajua kama kiti kinambana.

Sasa wapo wachokozi wanaotaka kuharibu utaratibu huu. Eti karatasi moja ya manila na kalamu ya wino mzito vinatosha mtu huyo ajisemee mwenyewe! Unaandika silabi kwa safu, unapitisha kidole polepole. Ukifika kwenye safu anayoitaka, anainua macho. Unaingia ndani ya safu, anainua tena. MA. Unarudi juu: JI. Macho yameinuka mara nne, mtu amepata maji. Bibi asiyejua kusoma, aliyepigwa na kiharusi, anachorewa picha: kikombe, blanketi, choo. Mfaransa Jean-Dominique Bauby alitunga kitabu kizima kwa kupepesa jicho moja, msaidizi akimtajia herufi, kikatoka 1997. Lakini huyo hakuwa na bahati ya kusemewa na kamati.

Hatari ya manila, Mheshimiwa, mnaijua. Haitangaziwi zabuni. Haikatiwi utepe. Semina yake inakwisha kabla ya chai, kwa hiyo posho haina pa kukaa. Baya zaidi, inajibu. Leo mtu ataomba maji. Kesho atauliza ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya mikopo ya watu wenye ulemavu, inamfikiaje yeye asiyeweza kujieleza kwenye kikao. Kesho kutwa atataja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao tuliouridhia 2009, unaozitambua njia mbadala za kuwasiliana. Mtu aliyekaa kimya miaka yote ana maswali mengi, na hajui itifaki.

Basi ukipita Bukundi, tunaomba umuulize yeye mwenyewe kabla ya kushusha kiti kingine. Sentensi moja itachukua dakika kadhaa. Waambie madereva wazime injini.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Bukundi