Enzi ya Vitambaa

Mtu aingiaye sebule za Mwera, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, ambako minazi na mashamba ya mkonge hugawana ardhi, aghalabu hulakiwa kwanza na vitambaa, ndipo wenyeji wafuatie. Vimetandazwa migongoni mwa makochi, juu ya redio, juu ya meza na juu ya mtungi wa maji ya kunywa. Na nyumbani kwa shangazi yangu, ambaye katika jambo hili ni sultani asiye na mpinzani, hukuta kitambaa kimewekwa juu ya kitambaa kingine ili kile cha chini kisichakae. Vyote ni vyeupe, vyote vimefumwa kwa mkono, na vyote vina matundu mengi kuliko uzi, kwa kuwa sanaa yenyewe si nyingine ila ni ustadi wa kuyapanga matundu hata yakawa maua.

Vifaa vyake si vingi: sindano ya chuma yenye ncha iliyopindwa, donge la uzi wa pamba, na mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Walakini uzi ndio roho ya kazi. Shangazi huvuka kwa pantoni kutoka Bweni hadi Pangani mjini kuutafuta, akifika huukwaruza kwa ukucha, akauvuta, akaunusa, akaurudisha, akaomba mwingine, kwa muda unaomtosha mwenye duka kula chakula chake cha mchana na kunawa. Autakao ni ule uliosokotwa imara, unaong'aa. Mng'ao huo una asili yake: mwaka 1844 Mwingereza mmoja wa Lancashire, John Mercer, aligundua kwamba pamba ikitiwa katika dawa kali ya magadi, ile itumiwayo kutengenezea sabuni, huongezeka nguvu na kushika rangi barabara, na mwaka 1890 Horace Lowe akaonyesha kwamba uzi ukivutwa ukakazwa ungali ndani ya dawa hiyo, hutoka uking'aa mithili ya hariri. Shangazi hajapata kuyasikia majina haya, lakini ukucha wake unawajua mabwana hao wote wawili.

Kitambaa kikisha kufumwa hukazwa ili maua yake yasimame, na tangu hapo kale kazi hiyo ilifanywa kwa wanga wa muhogo. Jirani mmoja, Mungu amsamehe, alimnasihi shangazi aache wanga atumie maji mazito ya sukari. Kwa haki lazima nikiri kwamba vilipokauka, vitambaa vilipendeza ajabu, vikasimama wima kwa fahari. Lakini sukari ni sukari, na pwani ni pwani: upepo wa bahari ulipoleta unyevu wake, vile vilivyosimama vilianza kunata, na sisimizi wakafungua njia kutoka dirishani hadi kwenye kochi kubwa, wakenda na kurudi kwa nidhamu.

Siku hiyo hiyo ikaja posa ya binamu yangu. Mzee aliyetumwa kuwa msemaji, mtu wa taadhima nyingi, mwenye kanzu iliyotoka kufuliwa, alikalishwa katika kochi hilo hilo kwa kuwa ndilo la heshima. Akaegemea, akaeleza nasaba ya kijana kwa kirefu, akaomba dua. Na aliponyanyuka, kitambaa kikanyanyuka naye. Kilimganda katikati ya mabega. Sisi tulikiona sote, lakini ni nani mwenye kuthubutu kumwambia mshenga, mbele ya watu wake, kwamba amevaa mapambo ya kochi? Alitoka nacho, akapita nacho sokoni akiitikia salamu, akaingia nacho msikitini kwa sala ya alasiri na kusimama safu ya kwanza, na waliokuwa safu ya pili walipata siku ile mtihani mzito wa unyenyekevu. Kabla ya magharibi kitambaa kilirudishwa kimefungwa katika gazeti, pamoja na salamu njema na ombi kwamba mahari yazungumzwe siku nyingine, katika viti vya mbao. Shangazi alikipokea, akakikagua, akatoa hukumu: kanzu ile haikupigwa pasi sawasawa.

Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, na bwana arusi akaleta fitina ya pili. Alikuwa amesoma kwamba kisiwani Hvar, huko Kroatia, watawa wa kike wa Kibenedikto hufuma vitambaa kwa nyuzi nyembamba zitolewazo ndani ya majani mabichi ya mmea ulio wa jamii moja na mkonge wetu, na kwamba mwaka 2009 UNESCO iliitia sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Je, sisi tunaoishi katikati ya mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893, miche 62 tu ikasalimika, ikapandwa Kikokwe papa hapa Pangani, tuvuke mto kununua pamba? Hoja ilikuwa nzuri. Ila wale watawa huchagua uzi mwororo, ilhali singa zilizoletwa kwa shangazi zilikuwa zimetoka kwenye korona, mashine ya kuchambulia mkonge, tayari kwenda kusokotwa kamba za meli. Alifuma hata hivyo, kwa vidole vilivyochubuka, na mjomba akapewa heshima ya kukizindua kitambaa. Mjomba aliinuka kabla hajamaliza kuketi. Hivi sasa kitambaa hicho kiko jikoni, kinasugua masufuria, na kwa kazi hiyo hakina mfano.

Vile vya pamba vingali sebuleni, vimerudishiwa wanga wa muhogo. Makochi yamekwisha kuoza na kubadilishwa, vitambaa ni vile vile. Basi, msomaji, ukijaliwa kufika Mwera, kabla hujaegemea kiguse kitambaa kwa kidole. Kikinata, omba mkeka.