Watu Mia Mbili, Fremu Moja

Pita barabara yoyote ya Dar es Salaam yenye nguzo za umeme, utakutana na tangazo la maneno mawili: FREMU INAPANGISHWA, kisha namba ya simu ya dalali. Ukubwa hautajwi, mtaa hautajwi, na bei ni maelewano. Juu yake pamebandikwa la mganga anayerudisha mpenzi aliyepotea, chini yake la mzibua vyoo. Wote watatu wanaishi kwa imani moja, kwamba mwenye shida atapita hapa, atasimama juani na kupiga simu. Kwa mganga na mzibua vyoo imani hiyo haina kosa, maana mwenye choo kilichofurika hana nafasi ya kulinganisha bei. Kwa dalali wa fremu ndipo hesabu inapokataa. Mteja wake mpya hayuko barabarani kabisa. Yuko ndani ya fremu nyingine, amekaa kwenye stuli nyuma ya kaunta, anapiga hesabu za kuhama, na bado hajamwambia mtu isipokuwa mlinzi.

Nguzo ikimwangusha, dalali hukimbilia kundi la WhatsApp. Kundi lina watu mia mbili na ushei, na wote ni madalali. Asubuhi mmoja anatupia picha ya fremu ya Sinza, iliyopigwa kwa kuinua simu juu kidogo ili mtaro usionekane. Saa nne picha ileile imerudi na namba nyingine chini yake. Saa saba imerudi tena, bei imepanda kwa laki moja. Jioni yule wa asubuhi anaulizwa pembeni kama kuna fremu nzuri anayoijua maeneo ya Sinza. Ni gulio ambalo kila mtu amekuja na nyanya. Mwenye fremu, kwa upande wake, ameshatembelewa na watu kumi na wanne, kila mmoja akiapa kwamba ana mteja mkononi. Na hatuna hata mgeni wa kumsingizia, kwa sababu mwaka 2025 serikali iliweka udalali wa biashara na majengo kwenye orodha ya kazi ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Jirani zetu Kenya wana sheria ya mawakala wa majengo tangu 1984, na bodi ya kuwasajili. Huku kwetu wengi wanamtambua dalali kwa laini mbili za simu na ndala zilizolika upande mmoja.

Tuangalie basi fedha zenyewe, maana ndizo zinazoonyesha mteja anatoka wapi. Kodi ya fremu hulipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka. Tuseme fremu ni laki tatu kwa mwezi: hapo ni milioni moja na laki nane ya miezi sita, na juu yake laki tatu ya dalali, mwezi mmoja kama ilivyo desturi. Ikiwa ni Kariakoo, anayeondoka anaweza kudai kilemba cha kuachia fremu, na kilemba hakina aibu. Mtu hatoi mzigo huo kwa sababu ameona karatasi kwenye nguzo. Anautoa kwa sababu kodi imepandishwa, au stoo haitoshi tena, au ujenzi wa mwendokasi umemwekea mabati mlangoni na wateja wake sasa wanamfikia kwa kuruka shimo. Sababu hizo huonekana kwa macho wiki kadhaa kabla. Kwenye rafu bidhaa zimepangwa mstari wa mbele tu, nyuma ni hewa. Maboksi matupu yaliyokuwa yakitupwa sasa yanakunjwa na kuwekwa pembeni. Umeme wa LUKU unanunuliwa wa elfu mbili mbili. Simu fulani zinapokelewa nje, chini ya mwembe, kwa sauti ya chini. Mlinzi anayaona yote haya, na mama wa chapati anayaona vizuri zaidi, maana deni lililokuwa likilipwa kila Jumamosi sasa linasubiri "mambo yakae sawa." Dalali anayekunywa chai kwenye benchi la mama huyo ameshika orodha ya wateja ambayo kundi zima la watu mia mbili halina.

Anayedhani hii ni habari ya fremu za Manzese peke yake aangalie maghorofa ya Posta. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, nchi ilisikia siasa. Kwa sikio la dalali mzuri, ile ilikuwa notisi ya kuhama, imetolewa na mkaaji mkubwa kuliko wote mjini, hadharani, mbele ya kamera. Miaka miwili baadaye mifuko minne ya pensheni, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF, na mfuko mmoja hauhitaji makao makuu manne wala wakurugenzi wakuu wanne wenye kapeti nne. Kila tangazo la namna hiyo lina wateja kwenye ncha zote mbili: kuna anayetafuta pa kwenda, na kuna mwenye jengo anayetazama ghorofa tupu na lifti inayopanda bila abiria. Hakuna hata mmoja kati yao anayesoma nguzo.

Nitaambiwa kwamba haya ni mawazo ya kizamani, kwamba siku hizi kila kitu kiko Instagram, na dalali mwenye wafuasi elfu arobaini hahitaji benchi la mtu. Nakubali wafuasi wapo. Swali ni wanafuata nini. Chini ya kila picha ya fremu kuna safu ya watu wanaouliza "Bei?", wanaojibiwa "Njoo inboksi", na wasioenda. Kuangalia fremu mtandaoni kumekuwa starehe kama kuangalia harusi za watu, na mtazamaji wa harusi hachangii. Tena picha haina tarehe. Hapo ndipo benchi linaposhinda, kwa sababu mama wa chapati anajua kwamba mkataba wa saluni unaisha tarehe thelathini, na tarehe ni nusu ya biashara hii.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima: je, kumnyemelea mpangaji aliyekaa kwenye fremu ya mtu si sawa na kumshawishi mke wa jirani? Ingekuwa hivyo kama dalali ndiye aliyepandisha kodi au kuchimba barabara. Mpangaji ameshaamua. Asipopata wa kumsaidia atahamisha friji usiku kwa bajaji, na mwenye nyumba ataamkia mlango wazi na misumari ukutani. Dalali mwenye busara anaanza na mwenye nyumba, anamwambia mapema, na hapo anapata vitu viwili kwa nauli moja: mpangaji wa kuhamisha na fremu ya kujaza.

Wapo pia, sikatai, wateja wapya kabisa, wale waliopokea kiinua mgongo au mkopo wa Saccos na ambao hawajawahi kupanga fremu. Hawa hawahitaji kutafutwa, wanakuja wenyewe wakiongozana na shemeji. Kazi ni kutowapoteza, na hapo ajali ni nyingi mno. Mteja anatozwa elfu kumi ya kuonyeshwa, anafika, funguo anazo mjomba na mjomba yuko Kibaha. Anachungulia dirishani kwa kuweka viganja kwenye kioo. Fremu ya "barabarani" kumbe barabara inaonekana ukisimama juu ya ndoo. Ukutani kuna alama ya X nyekundu ya bomoabomoa, na dalali anaeleza bila kupepesa macho kwamba hayo ni mambo ya anwani za makazi. Hakuna aliyemtajia kwamba mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA. Atalijua siku ya kulipa, mwenye nyumba akisema yeye anataka yake kamili. Mteja huyo ana kaka, ana jumuiya, ana kikoba. Mji ambao watu huandika NYUMBA HII HAIUZWI kwenye kuta zao wenyewe ni mji ulioshachoka kudanganywa, na anayesema "hii haikufai, ina X" anakumbukwa kama mwezi wa mvua.

Limebaki pingamizi moja, na hili sina ujanja nalo. Kama mlinzi ndiye anayejua nani anahama, kwa nini asile hela ya dalali mwenyewe? Kwa sasa jibu ni geti: hawezi kuliacha saa tano asubuhi akamwonyeshe mtu fremu ya Tandika. Lakini anamsikiliza dalali kwa makini sana siku hizi, anauliza mwezi mmoja ni wa nani na unalipwa lini, na juzi kanunua laini ya pili.