Leseni Ipo, Ufunguo Uko Semina

Somo la kompyuta kwa biashara humdai mwanafunzi programu mbili kuu: Excel kwa mahesabu na Access kwa hifadhidata. Excel hupatikana bure kwenye kivinjari, mradi uwe na akaunti ya Microsoft, na chuo kilichojisajili humpa mwanafunzi barua pepe ya Microsoft 365. Barua pepe hiyo ina kawaida ya kuwasili muhula wa pili. Ankara ya ada, ajabu, haijawahi kupotea njiani.

Access ina maringo zaidi. Haina toleo la kivinjari wala la Mac. Hukubali Windows peke yake. Aliyejinyima akanunua Mac ya mtumba huligundua hilo wiki ya mtihani. Hapo ndipo flashi ya jamaa wa steshenari huingia kazini, ikiwa na programu iliyovunjwa kufuli, na virusi vya nyongeza bila malipo ya ziada. Maabara ya chuo ina leseni halali, na kufuli halali pia mlangoni. Mwenye ufunguo yuko semina.

Mbadala upo: LibreOffice, yenye Base ya hifadhidata ndani yake, hutolewa bure tangu 2011 na hukaa kwenye Windows, Mac na Linux bila kinyongo. Kasoro yake ni moja: haimo kwenye mtaala.