Jinsi ya Kusaka Mianya ya Hewa Nyumbani Kwako Lembeni

Kwanza tafuta kamera ya joto. Upepo wenyewe haiuoni. Inasoma joto la ukuta, fremu na dari, kisha inakupakia rangi, penye moto pekundu, penye baridi buluu. Miale ya joto inayosomwa na kamera hiyo William Herschel aliigundua Uingereza mwaka 1800 kwa mche wa kioo na vipimajoto tu, lakini wewe nunua kamera, watani wasije wakasema ubahili huo ni Upare wako.

Kanuni inataka ndani na nje kupishane nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Wazungu hupima wakati wa baridi, nyumba ikiwa imepashwa moto. Lembeni subiri saa nane mchana mwezi wa Februari: chini ya bati lisilo na dari, ndani kunachoma kuliko nje, kwa hiyo mwanya utakaouona ni nafuu yako. Ukishauriwa uwashe jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili kipimo kisome vizuri, kataa. Hapo utani umekwisha. Hewa ya mkaa haionekani, na inaua. Mwenye shemeji Usangi, milimani kwenye baridi ya kweli, akapimie huko.

Usielekeze kamera kwenye bati jipya usiku. Linaakisi anga, na utaambiwa paa limeganda. Bati la kutu ndilo husema kweli.

Sasa tazama juu, ukuta unapokaribia kenchi. Mwanya wa pale unapitisha mkono mzima, na popo akitaka. Fundi aliuacha makusudi, joto lipate pa kutokea. Ukiuziba kwa udongo, utaiva humo ndani. Ukiuacha wazi, mbu wa malaria nao wanaujua. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamehangaika na uwazi huo huo kwa miaka.

Kama kamera imeisha chaji, washa kijiti cha udi, funga mlango, feni ikiwepo izime, ukipitishe polepole kandokando ya fremu ya dirisha. Moshi ukipinda ghafla, umekamata. Mlangoni hata udi hauhitajiki: fuata mstari wa vumbi sakafuni.

Ukimaliza, kamera iuze. Fedha hiyo huenda ikatosha wavu wa kuziba mwanya wa juu bila kuzuia hewa, na rangi nyeupe ya bati. Ikibaki, weka dari, ila dari nalo liachiwe matundu ya hewa. Ikiwa haitoshi vyote, anza na wavu.