Namna ya Kunung'unika Jangwani kwa Miaka 40

Usianze mapema. Subiri kwanza Mungu atende jambo kubwa. Waisraeli walivuka Bahari ya Shamu, Miriamu akashika tari, wanawake wakamfuata wakicheza. Siku 3 baadaye wako Mara, maji yako mbele yao na hayanyweki kwa uchungu, na wote wamemgeukia Musa. Kiu ile ilikuwa ya kweli. Mwenye mtoto anayelilia maji hana wa kumcheka, wala Mungu hakuwaadhibu pale: alimwonyesha Musa mti, Musa akautupa majini, watu wakanywa. Kituo kilichofuata, Elimu, kilikuwa na chemchemi 12 na mitende 70. Ukitaka kuimudu kazi hii, Elimu uisahau upesi.

Ukilazimika kukumbuka kitu, kumbuka jikoni. Taja samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Sema samaki walikuwa wa bure. Usitaje matofali, wala mjeledi wa wasimamizi, wala watoto wa kiume waliotupwa mtoni kwa amri ya Farao. Dathani, mmoja wa Waisraeli hao, alifika mbali zaidi: akiwa jangwani, mbele ya watu waliozaliwa utumwani, aliiita Misri yenyewe nchi ya maziwa na asali.

Kisha idharau mana, chakula alichowapa Mungu jangwani. Umande ukiinuka asubuhi, ilibaki chini, punje ndogo mfano wa mbegu za giligilani. Watu wakatoka, wakaokota pishi 1 kwa kila kichwa, wakaisaga au kuitwanga kwenye vinu, wakaipika vyunguni, wakafanya mikate yenye ladha ya mafuta mapya. Jua likiwa kali, iliyobaki chini iliyeyuka. Aliyeficha yake mpaka kesho aliikuta imeingia mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya Sabato.

Naamini hapo ndipo palipowauma kuliko ladha. Mana haikuwekwa ghalani. Kila jioni walilala bila akiba, na kila jioni ilibidi wamwamini tena Yule aliyewalisha asubuhi. Farao alikuwa katili, lakini sufuria yake ilionekana kwa macho. Watu waliofugwa kwa vizazi hawajifunzi imani kwa wiki moja, na nadhani Mungu alilijua hilo kuliko Musa. Ndiyo maana manung'uniko ya mwanzo yalijibiwa kwa maji na chakula, si kwa fimbo.

Sasa chagua mahali pa kunung'unikia. Pazuri kuliko pote ni ndani ya hema, pazia limeshushwa. Wapelelezi 12 walizunguka Kanaani siku 40, wakarudi na kichala cha zabibu cha Eshkoli, watu 2 wakikichukua kwa mti, pamoja na makomamanga na tini. Tunda lilikuwa pale, la kushikwa kwa mkono. Wewe usilishike. Wasikilize wale 10 waliojiona panzi mbele ya majitu ya Waanaki, na wale 2 wengine, Yoshua na Kalebu, wakikutuliza, okota mawe. Ukiingia hemani, sema Mungu alikutoa Misri kwa sababu anakuchukia. Neno hilo linanitisha kuliko yote waliyosema. Mwenye kiu anaweza kupewa maji, lakini aliyekwisha kuamua kwamba anachukiwa, hata zabibu ataziona mtego.

Usisahau kuwataja watoto. Sema watachukuliwa mateka. Kutoka Horebu mpaka Kadesh-barnea, mlangoni pa Kanaani, ni mwendo wa siku 11. Kizazi kile cha wenye miaka 20 na zaidi kiliishia jangwani miaka 40, isipokuwa Kalebu na Yoshua, na waliokuja kuingia Kanaani ni wale wale watoto waliofanywa kisingizio.

Onyo moja kwa anayetaka kufuzu: malalamiko yako usiyapeleke kwa Mungu mwenyewe. Musa aliyapeleka. Watu walikuwa wakililia nyama, kila mtu mlangoni pa hema yake, naye akachoka kabisa. Akamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukua mimba watu hawa hata awabebe kifuani kama mlezi. Akasema kama hali ndiyo hii, afadhali auawe. Maneno hayo ni makali kuliko ya wanung'unikaji wengi, ila aliyasema kwa Mungu, hakumsengenya Mungu kwa watu. Walioililia nyama walipata kware, kisha pigo, na makaburi yao yakapapa mahali pale jina la Kibroth-hataava. Musa alipewa wazee 70 wa kubeba mzigo pamoja naye. Wawili wao, Eldadi na Medadi, walikuwa wamebaki kambini, Roho akawashukia huko huko, wakatabiri. Yoshua alipotaka wazuiwe, Musa, yule yule aliyekuwa ameomba afe, alimjibu kwamba angetamani watu wote wa Bwana wawe manabii.